Kamongo na Sikilidi: Wingi wa DNA si Ngazi ya Mageuko

Pale Mto Rusizi unapoingia Ziwa Tanganyika, jirani na jiji la Bujumbura, ndani ya matete huishi kamongo, Protopterus aethiopicus, samaki mwenye mapafu. Ukifuata mwambao kwenda kusini hadi penye miamba, utawakuta sikilidi, jamaa ya perege. Samaki hawa wanatosha kuing'oa dhana iliyoota mizizi hata madarasani: kwamba kadiri kiumbe kinavyopanda ngazi ya mageuko, ndivyo kiini cha seli yake kinavyobeba DNA nyingi zaidi.

Tuanze na hesabu. Jenomu ya binadamu ina jozi za besi zipatazo bilioni 3. Ya sikilidi, kama bilioni 1 hivi. Kamongo wa Afrika Magharibi, Protopterus annectens, ana bilioni 40. Ndugu yao wa Amerika Kusini, ambaye jenomu yake ilichapishwa mwaka 2024, ana bilioni 91: kati ya kromosomu zake 19, 18 kila moja ni kubwa kuliko jenomu nzima ya binadamu. Hata hivyo, jeni zake zinazounda protini ni takriban 20,000, karibu sawa na zetu.

Ziada hiyo ni hasa vipande vya DNA vinavyojinakili na kujipachika kwingine. Viumbe wengi huvidhibiti kwa RNA ndogondogo. Kwa samaki huyo ulinzi huo umelegea. Mrundikano wenyewe ni wa tangu kale. Mwaka 1972 Keith Thomson alipima vijishimo vilivyoachwa na seli ndani ya mifupa ya visukuku vya jamii ya kamongo. Kwa kuwa jenomu kubwa huenda na seli kubwa, vijishimo hivyo ni kama nyayo za viini vilivyooza zamani: kwa samaki wa awali ni vidogo, kwa waliofuata vikazidi kutanuka. Pamoja na shehena yote hiyo, ukoo huu leo una spishi 6 tu duniani.

Sikilidi wa Tanganyika, wenye jenomu ndogo, wana spishi zipatazo 240. Huenda mtu akapinga kwamba vipande vinavyojinakili ndivyo huzaa upya. Hoja hiyo ina uzito. Utafiti wa mwaka 2014 ulichambua jenomu za sikilidi 5, mmojawapo Neolamprologus brichardi, aliyepewa jina la Pierre Brichard, msafirishaji wa samaki wa mapambo kutoka Bujumbura. Ulionyesha kwamba kipande kikiangukia karibu na jeni, huweza kubadili utendaji wake. Lakini hapo kinachoamua ni mahali kilipotua, si wingi wa vipande. Tena, mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Basel walibaini kwamba koo za sikilidi zenye spishi nyingi ndizo ambazo nakala mbili za jenomu ndani ya samaki mmoja, ya baba na ya mama, hutofautiana zaidi. Uhusiano huo hausemi kipi kilimzaa mwenzake, ila unatuelekeza pa kutazama.

Utajiri wa jenomu, basi, umo katika tofauti na matumizi yake, wala haupimwi kwa urefu. Tofauti hizo hutunzwa na samaki walio hai, mwamba kwa mwamba. Milima ya Burundi inapovuliwa miti, tope hushuka na kufunika miamba hiyo. Kwa hiyo anayepanda mti juu ya mlima analinda pia maandishi yaliyomo kiinini mwa seli za samaki, maandishi ambayo yakifutika hayana nakala kwingine.