Camino Vasco del Interior

Camino Vasco del Interior ni njia ya kale ya mahujaji katika Nchi ya Wabaski, kaskazini mwa Hispania. Huanzia Irun, mpakani na Ufaransa, ikipita Tolosa, Zegama na Vitoria-Gasteiz kuelekea Santiago de Compostela. Kwa mwendesha baiskeli, kazi yenyewe ni mwinuko wa kutoka Zegama hadi pango la San Adrián, takriban mita 1,000 juu ya usawa wa bahari. Njia hupenya ndani ya pango, ikipita kando ya kikanisa kidogo, kisha hufuata barabara ya mawe ya zamani. Yakilowa huteleza vibaya, na kushuka ukasukuma si aibu. UNESCO iliiorodhesha njia hii katika Urithi wa Dunia mwaka 2015. Cheti cha hija kwa baiskeli hudai angalau kilomita 200, zithibitishwe kwa mihuri.