Njiti Tatu za Churchill

Usiku wa tarehe 28 Novemba 1943, mjini Tehran, Churchill alichukua njiti tatu za kiberiti akazipanga mezani mbele ya Stalin. Moja ilikuwa Muungano wa Kisovieti, ya kati Poland, ya tatu Ujerumani. Kisha akazisogeza kuelekea magharibi. Maana yake, Stalin abaki na mashariki ya Poland, na Poland ifidiwe kwa ardhi ya Wajerumani. Stalin alipendezwa. Roosevelt alikuwa ameshaenda kulala. Mpolandi hakuwepo hata mmoja.

Kumbuka Uingereza iliingia vitani mwaka 1939 kwa sababu Poland ilivamiwa. Na hiyo mashariki Stalin aliinyakua Septemba hiyohiyo, akiwa ameelewana na Hitler. Sasa alikuwa mshirika, na jeshi lake ndilo lililobeba mzigo mzito zaidi wa kumpiga Mjerumani. Nani angemwambia arudishe?

Roosevelt naye alikuwa na hesabu zake. Tarehe 1 Desemba alimweleza Stalin faraghani kwamba hana shida na mpaka kusogezwa, ila Marekani kuna watu wenye asili ya Poland milioni sita au saba, na mwaka ujao kuna uchaguzi. Kwa hivyo hadharani hangesema kitu. Juni 1944 alimpokea Washington Stanisław Mikołajczyk, waziri mkuu wa Poland aliyekuwa uhamishoni London, akamtuliza kwa maneno matamu. Danganya toto.

Oktoba, Mikołajczyk akaenda Moscow. Warsaw ilikuwa imesalimu amri siku chache tu kabla, baada ya kupigana na Wajerumani siku 63. Alipokataa kukubali mpaka mpya, Molotov akamkata: mbona haya yalishamalizwa Tehran, na Roosevelt akiwemo? Mikołajczyk akawatazama Churchill na Harriman, balozi wa Marekani, akingoja wakanushe. Hakuna aliyekanusha. Kesho yake Churchill akamfokea, eti ni mkaidi. Yaani nyumba yako imeuzwa, halafu unagombezwa kwa kuuliza. Novemba alijiuzulu.

Watu hupenda kuilaumu Yalta, lakini kuhusu mpaka, ule mkutano wa Februari 1945 ulipiga muhuri tu. Wanaomtetea Churchill husema hakuwa na nguvu ya kulitoa Jeshi Jekundu pale lilipofika. Sawa, hakuwa nayo. Hilo bado halielezi kwa nini wenye nchi walifichwa karibu mwaka mzima, huku wanajeshi wao wakifa Monte Cassino chini ya amri ya Waingereza.

Na kuna Wapolandi ambao uamuzi huo uliwakuta huku kwetu. Tengeru, karibu na Arusha, kulikuwa na kambi ya maelfu yao, wengi wanawake na watoto. Uganda walikuwa Masindi na Koja. Walitoka mashariki ileile. Stalin aliwahamishia Siberia na Kazakhstan kwa nguvu mwaka 1940 na 1941, wakatoka 1942 kupitia Iran, wengine wakikaa kwenye mahema hapohapo Tehran, kabla ya kuletwa Afrika Mashariki kwa meli.

Vita vilipoisha wakaambiwa wanaweza kurudi Poland. Lakini vijiji vyao havikuwa tena Poland. Wengi walienda Uingereza, Kanada na Australia. Wengine walizikwa Tengeru, na makaburi yao yapo hadi leo.