Mawe Yanayosema na Makaburi Yasiyo na Mawe

Katika kitabu cha Yoshua, sura ya 4, twasoma jinsi Waisraeli walivyoagizwa kuchukua mawe 12 kutoka katikati ya mto Yordani, ili siku watoto wao watakapouliza maana yake, wazazi wawe na la kuwaeleza. Jiwe peke yake halikutosha: lilihitaji mtoto wa kuuliza na mzee wa kujibu. Jambo hili yafaa likumbukwe na wote ambao, kama mwandishi wa makala haya, hutumia saa zao za mapumziko kuzungukia makaburi na makanisa ya kale wakiwa na kamera. Wako wanaoiona shughuli hii kuwa ya ajabu, hata ya mkosi. Nia yetu hapa ni kuonyesha kwamba picha ya kaburi ni hati ya historia, lakini ni hati yenye upungufu ambao mpiga picha hana budi kuutambua.

Tuanze pwani. Ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, upande wa Nyali, liko kaburi la Rosine Krapf, aliyefariki Julai 1844, siku chache baada ya kujifungua. Mtoto wake wa kike alimfuata upesi. Mumewe, Johann Ludwig Krapf, Mlutheri wa Württemberg aliyetumwa na chama cha misioni cha Kianglikana cha CMS, aliwaandikia waliomtuma kwamba kaburi hilo liwe kwao ishara ya kuwa kazi ya Injili upande huu wa Afrika imekwisha kuanza. Kwa hiyo, tangu mwanzo, kaburi la mmisionari halikuwa mahali pa kulaza mwili tu. Lilikuwa pia tangazo. Anayelipiga picha leo anapiga picha ya huzuni ya mume, na papo hapo anapiga picha ya madai juu ya nchi na watu wake.

Jambo hili laonekana wazi zaidi Akeri, chini ya Mlima Meru. Misioni ya Leipzig ilifika Kilimanjaro mwaka 1893, na mwaka 1896 Ewald Ovir na Karl Segebrock, wamisionari waliotoka nchi za Baltiki, walipelekwa Meru kufungua kituo. Mwezi Oktoba mwaka huo huo waliuawa na wapiganaji wa Meru na Arusha, wakati kikosi cha Kapteni Johannes wa jeshi la Wajerumani kilipokuwa kimepiga kambi jirani. Wenyeji hawakuwa na sababu kubwa ya kumtenga mzungu mwenye Biblia na mzungu mwenye bunduki. Wamisionari hao wawili wanakumbukwa kwa majina, na Kanisa limewaita mashahidi. Lakini usiku ule walikufa pia Wachaga waliofuatana nao. Je, majina yao tunayakumbuka kwa kiasi kile kile?

Tena, hesabu haikuishia hapo. Majeshi ya adhabu yalifuata: watu wa Meru na Arusha waliuawa, migomba ilikatwa, ng'ombe walichukuliwa. Mwezi Machi 1900 Mangi Meli wa Moshi alinyongwa pamoja na viongozi wengine, wakiwamo wa Meru na Arusha. Mpaka leo wajukuu zake wanatafuta kichwa chake, ambacho inaaminika kilipelekwa Ujerumani. Marehemu hawa hawana jiwe ambalo kamera ingeweza kuliona. Ndipo tunapotambua kasoro ya burudani yetu: kamera huenda palipo na mawe, na mawe huwekwa na wenye uwezo wa kuyaweka.

Kasoro hii si ya Kanisa peke yake. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa kwa sababu ya Vita Kuu ya Kwanza, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au pengine hawakukumbukwa kabisa. Wapagazi wetu wengi wamo katika idadi hiyo.

Basi mpiga picha afanye nini? Kwanza, aheshimu mahali: aombe ruhusa kwa mchungaji au kwa wenye kaburi, wala asikwangue kuvu wala kusugua maandishi ili yasomeke. Angoje asubuhi na mapema au alasiri, jua linapopiga kwa upande. Hapo herufi zilizofifia hujitokeza zenyewe. Pili, apige picha ya mahali pote kabla ya jiwe moja, kisha aandike tarehe na jina la mahali, kwa maana picha isiyo na maelezo ni yatima. Afanye vivyo hivyo kwa kanisa la kale, hasa kabla paa halijabadilishwa au ukuta kubomolewa ili kupanua jengo. Tatu, na hili ndilo kubwa, atoke nje ya ua wa kanisa. Wachaga, hata baada ya ubatizo, wameendelea kuwazika wafu wao kihambani. Wakristo wengi wa kwanza wa Kilimanjaro, wakiwamo walimu na wainjilisti waliolibeba Kanisa, wamelala kati ya migomba, na alama yao ni masale. Hapo kamera bila mzee wa kusimulia haina lolote la kusema.

Jani la sale, kama tujuavyo, ndilo Mchaga ampelekealo aliyemkosea anapoomba msamaha. Ni mmea mmoja unaotunza kumbukumbu ya wafu na kupatanisha walio hai. Wanafunzi wa theolojia wanaokwenda likizo vijijini wangefanya vema kuchukua kamera na daftari pamoja, wakawaulize wazee majina ya waliolala chini ya masale hayo. Wazee nao wanapungua mwaka hata mwaka, nasi hatutaulizwa tumekusanya picha ngapi, bali tumeyaokoa majina mangapi.