Kutoa Chombo: Istilahi ya Wapima Miligramu

Mizani ndogo za kielektroniki za masonara, zile za bei nafuu, huwa na kitufe kilichoandikwa TARE, au herufi T peke yake. Mara nyingi huelezwa kuwa ni cha kurudisha sifuri. Maelezo hayo yanataja kinachoonekana kwenye kioo na kuacha kinachotendeka: mizani imeupima uzito uliopo kitangani, imeuhifadhi, na kuanzia hapo inautoa katika kila inachosoma. Ndiyo maana ukiondoa ulichokiweka, namba hugeuka hasi.

Neno lenyewe lina asili ya Kiarabu, kutoka kitenzi taraha, yaani kutupa au kuondoa, nalo lilipitia Kiitalia na Kifaransa katika lugha ya biashara: uzito wa gunia huondolewa ili mnunuzi alipie bidhaa tu. Napendekeza tuseme kutoa chombo, na kinachotolewa tukiite uzito wa chombo. Kutoa ni hesabu ya darasa la kwanza. Kitenzi hicho kinamwambia mpimaji waziwazi kwamba kuna namba imeondolewa.

Namba hiyo ina uzito mkubwa kwa waundaji wa ndege za mfano zinazorushwa ndani ya ukumbi. Katika daraja la kimataifa la F1D, ndege yenye mabawa yasiyozidi sentimita 55 hutakiwa isipungue gramu 1.4, na mpira unaozungusha pangaboi usizidi gramu 0.4. Chukua kijiti cha balsa cha milimita 1.5 kwa 1.5, urefu milimita 300, cha mti wenye kilo 80 kwa mita ya ujazo: ni takriban gramu 0.054. Mizani inayosoma hadi 0.01 itaandika 0.05, na kijiti kingine cha gramu 0.046 nacho itakiandikia 0.05. Ukivitia katika mabawa mawili ukidhani ni sawa, ndege itaelemea upande. Inafaa inayosoma hadi 0.001.

Bawa halikai kwenye kitanga kidogo, kwa hiyo hutengenezewa kiegemeo chepesi cha vijiti. Hicho ndicho chombo: kiweke, bonyeza, pima bawa. Kumbuka tu kwamba kwa mizani ya gramu 20, kiegemeo cha gramu 4 kinakuachia 16. Boksi la plastiki angavu juu yake huzuia upepo, hata wa pumzi.

Tatizo gumu liko kwenye sifuri yenyewe. Ndani ya mizani kuna upau wa chuma unaojipinda kidogo chini ya mzigo, na usomaji wake husogea joto likibadilika. Ili kioo kitulie, mizani nyingi hupuuza mabadiliko madogo ya polepole karibu na sifuri. Ukidondosha gundi kidogo kidogo, mizani huimeza na kuendelea kuonyesha 0.000.

Hapo usibonyeze kitufe. Weka jiwe la mizani la gramu 5, liache lisomeke, kisha ongeza kipande na ufanye utoaji mwenyewe: 5.012 kutoa 5.000 ni miligramu 12. Ondoa kipande, uangalie jiwe tena. Likisoma 5.003, usomaji umehama. Subiri mizani itulie, upime upya.