Flashi Ilipohamia Pembeni

Mwaka 1887 Wajerumani wawili, Adolf Miethe na Johannes Gaedicke, walichanganya unga wa magnesiamu na klorati ya potasiamu. Ukiwashwa, mchanganyiko huo ulilipuka kwa mwanga mkali wa kitambo kidogo. Habari zilimfikia Jacob Riis, mzaliwa wa Denmark aliyekuwa akiandika habari za polisi jijini New York. Sasa aliweza kupiga picha usiku ndani ya vyumba vya wahamiaji maskini. Mwanzoni unga ulifyatuliwa kwa bastola, na wapangaji walipoona wageni wenye silaha gizani walitimua mbio. Riis akahamia kwenye kuuwashia unga huo juu ya kikaango. Alieleza kuwa mara mbili alisababisha nyumba kushika moto, na mara moja alijiunguza mwenyewe.

Picha hizo, zilizoingia katika kitabu chake cha mwaka 1890, ziliwaonyesha Wamarekani makazi wasiyotaka kuyaona. Naziheshimu sana. Lakini tazama nyuso: macho yamekodoka, ngozi imepauka. Watu wamevamiwa na mwanga.

Balbu za flashi, zilizokuja mwishoni mwa miaka ya 1920, ziliondoa moshi na hatari ya moto, ingawa kila moja ilitumika mara moja tu. Wapiga picha wa magazeti walizifunga ubavuni mwa kamera. Mwanga unaotoka upande wa lenzi hufuta vivuli, na kwenye mkanda wa nyeusi na nyeupe hasara hiyo ni kubwa, maana hakuna rangi ya kuokoa sura. Iondoe flashi, iunganishe kwa waya, iweke pembeni juu ya usawa wa macho: pua, taya na mashavu vinarudi. Ukiisogeza kutoka mita 1 hadi mita 2, mwanga unaomfikia mtu unabaki robo. Hesabu hiyo ilifanywa kichwani, kwa sababu picha haikuonekana mpaka mkanda usafishwe.

Kisha Harold Edgerton, mhandisi wa chuo cha MIT, akaanza mwaka 1931 kutumia taa za umeme zenye gesi ndani zinazowaka kwa sehemu ndogo mno ya sekunde. Gjon Mili, mzaliwa wa Albania, akazipeleka kwenye jarida la Life.

Aliyenigusa zaidi ni Philippe Halsman, mzaliwa wa Riga, aliyeikimbia Ufaransa mwaka 1940 kwa msaada wa Albert Einstein. Mwaka 1948 alimpiga picha mchoraji Salvador Dalí akiwa hewani. Mkewe Halsman alishika kiti juu, wasaidizi wakarusha paka watatu na ndoo ya maji, Dalí akaruka, flashi zikawaka. Kila baada ya jaribio Halsman aliingia chumba cha giza kusafisha negativi, huku wengine wakipiga deki na kuwakamata paka. Walirudia mara 28, kwa takriban saa sita.

Baadaye aliwaomba watu mashuhuri waruke mbele ya kamera yake, akiamini kwamba anayeruka husahau kuitunza sura yake. Richard Nixon, wakati huo makamu wa rais wa Marekani, alikubali. Mkusanyiko wa miruko hiyo ulitoka kama kitabu mwaka 1959.

Ewe uliye bado na kamera ya mkanda, chomoa flashi iliyo juu ya kamera. Tafuta waya na mtu wa kukushikia.