Nyambizi ndogo zilizoingia bandari ya Diego Suarez

Usiku wa tarehe 30 Mei 1942, nyambizi mbili ndogo za Japani, kila moja ikiwa na mabaharia wawili tu, zilishambulia meli za Uingereza katika ghuba ya Diego Suarez, kaskazini mwa Madagaska. Ziliacha manowari moja ikiwa imetobolewa vibaya na meli ya mafuta ikiwa imezama. Miongoni mwa mabaharia hao wanne, hakuna aliyerudi.

Bandari hiyo, ambayo leo huitwa Antsiranana, ilikuwa imetwaliwa na Waingereza mapema mwezi huo kutoka kwa majeshi ya Ufaransa yaliyotii serikali ya Vichy. Uingereza ilihofia kwamba Japani ingeitumia kukata njia ya mlango-bahari wa Msumbiji, iliyopitisha askari na silaha kuelekea Misri na India.

Silaha ya safari moja

Wajapani waliiita nyambizi hiyo Ko-hyoteki, yaani "shabaha ya aina A", jina lililokusudiwa kuficha kazi yake. Ilikuwa na urefu wa karibu mita 24, uzito wa tani 46 na topido mbili. Iliendeshwa kwa umeme wa betri, wala haikuwa na mtambo wa kuzichaji baharini. Kwa hiyo ilibebwa mgongoni mwa nyambizi kubwa hadi karibu na adui. Betri zikiisha, wahudumu wake hawakuwa na njia ya kurejea.

Usiku wa shambulio

Tarehe 29 Mei, ndege ndogo iliyorushwa kutoka nyambizi I-10 ilipita juu ya bandari. Waingereza waliiona, wakaihamisha manowari HMS Ramillies, yenye takriban tani 29,000, mahali ilipotia nanga. Tahadhari hiyo haikutosha. Usiku uliofuata topido moja iliipiga Ramillies, na nyingine ikaizamisha meli ya mafuta British Loyalty, ijapokuwa meli za ulinzi zilikuwa zikiangusha mabomu ya chini ya maji.

Nyambizi moja ilipotea baharini. Ya pili ilikwama ufukweni, na wahudumu wake, Saburo Akieda na Masami Takemoto, wakatembea kwa miguu kuelekea mahali pa kuchukuliwa. Walinunua chakula kijijini, habari zao zikawafikia Waingereza, na tarehe 2 Juni waliuawa katika mapambano yaliyogharimu pia maisha ya askari mmoja wa Uingereza.

Athari zake

Ramillies ilikarabatiwa na kurudi vitani. Juni 1944 ilipiga mizinga pwani ya Normandy. Lakini katika wiki zilizofuata shambulio hilo, nyambizi kubwa za Japani zilizamisha zaidi ya meli 20 za shehena katika mlango-bahari wa Msumbiji. Septemba 1942 Uingereza ilianza kuiteka Madagaska yote, na miongoni mwa waliotumwa walikuwamo askari wa King's African Rifles kutoka Kenya, Tanganyika na Nyasaland. Mapigano yalisitishwa mwezi Novemba.