Podikasti ya Python kwa Kiswahili: tuanzie wapi?

Haya jamani, ratiba imenishinda mara mbili. Mwenzangu na mimi tunaandaa podikasti ya watu wanaoandika programu kwa Python na wanaozungumza Kiswahili. Vipindi sita vya historia kwanza, mengine baadaye. Mimi niko Illasit, kaunti ya Kajiado. Yeye yuko Tarakea, Rombo, ng'ambo tu ya mpaka. Tunakutana upande wangu kwenye meza ya chai, Kilimanjaro imejificha nyuma ya mawingu kama kawaida yake, na simu yangu inanikaribisha Tanzania wakati hata sijainuka kwenye kiti.

Ratiba ya kwanza niliiandika mimi, na niliipenda. Kipindi cha kwanza: Amsterdam, likizo ya Krismasi ya mwaka 1989, Guido van Rossum anaanza kuandika Python akiwa mfanyakazi wa taasisi ya utafiti ya CWI. Februari 1991 anatoa toleo la 0.9.0. Kipindi cha pili: jina. (Wale mnaodhani ni chatu, poleni. Ni kundi la wachekeshaji wa Uingereza, Monty Python.) Halafu ubishi mrefu wa Python 2 na Python 3, uliofika mwisho Januari 1, 2020, Python 2 ilipoachwa rasmi. Afrika ilitokea kipindi cha sita: PyCon Africa ya kwanza, Accra, Agosti 2019, kisha DjangoCon Africa, Zanzibar, Novemba 2023.

Dada wa watu akaisoma yote, akaiweka mezani.

"Kaka, hapa sisi tumekuja kama wageni waliochelewa harusi. Tumekuta wali umeisha."

Nilikasirika kidogo, sitaficha. Nikamwambia Python haikuzaliwa Rombo, historia ni historia. Akasema hakatai. Ila hayo yote watu wanayapata kwa Kiingereza, kwenye Talk Python To Me ya Michael Kennedy au Podcast.__init__ ya Tobias Macey, podikasti zilizoanza zote mbili mwaka 2015. Kijana wa hapa anayejifunza Python kwenye simu atasikiliza vipindi vitano bila kusikia mji hata mmoja anaoujua. Atahitimisha nini?

Nikarudi nyumbani na swali jingine kabisa: podikasti yenyewe ilitoka wapi? Hapo ndipo mambo yalipobadilika.

Watu hudhani podikasti ni mtoto wa intaneti ya kasi. Sivyo. Ni mtoto wa intaneti ya mwendo wa kinyonga. Mwaka 2000 Adam Curry, mtangazaji wa zamani wa MTV, alikuwa na kero moja: ukibofya faili kubwa la sauti unakaa kungoja, na ukishangoja sana hamu inaisha. Wazo lake likawa kwamba faili lije lenyewe usiku wakati mashine haina kazi, asubuhi ulikute tayari. Dave Winer akaongeza kwenye RSS 0.92, Desemba 2000, kipande kidogo cha maelezo kinachotaja faili la sauti lilipo, ukubwa wake na aina yake. Januari 2001 akakijaribu kwa wimbo wa Grateful Dead. Basi, podikasti ni hiyo. Jina lilikuja baadaye, Februari 2004, Ben Hammersley alipoandika makala kwenye gazeti la The Guardian. Juni 2005 Apple wakaitia kwenye iTunes 4.9 na dunia ikajua.

Sasa fikiria: ni nani duniani aliyehitaji faili linalokuja usiku kuliko sisi?

Mwaka 2006 nilikuwa Kitengela, nikijifunza programu kwenye saiba iliyokuwa na kompyuta nane juu ya laini moja. Nilitaka kipindi kimoja cha nusu saa. Piga hesabu nami: nusu saa ya sauti kwa kilobiti 64 kwa sekunde ni kama megabaiti 14. Kwenye laini ya simu ya kilobiti 56, ikiwa peke yako na siku ni njema kupindukia, ni dakika 34. Yaani kipindi kinachukua muda mrefu kufika kuliko kukisikiliza! Na siku haikuwa njema. Kilikatika kikikaribia kuisha, na saa ya malipo haijui kukatika. Nikalipa, nikaenda zangu na diski tupu. Ile mashine iliyotakiwa kupakua usiku ilikuwa imezimwa na mlango umefungwa kwa kufuli. Waliobuni walidhani kila mtu ana kompyuta yake nyumbani na laini isiyolala.

Kamba za chini ya bahari zilifika mwaka 2009. TEAMS kutoka Fujairah hadi Mombasa, na SEACOM mwezi Julai. Kabla ya hapo karibu kila kitu kilipitia setilaiti, kwa bei ya setilaiti.

Lakini rudi kwenye ule mwaka 2004, maana ndio niliokuwa nimeuruka. Desemba ya mwaka huo, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na kampuni ya Sweden iitwayo IT+46, katika mradi wa Kilinux, walitoa Jambo OpenOffice: programu huria ya ofisi, menyu zake zote kwa Kiswahili. Mwaka ule ule podikasti ilipopata jina, sisi tulikuwa tunaipa kompyuta maneno. Mambo mawili yakapita njiani bila kusalimiana. Waliofanya tafsiri ile walijadiliana neno kwa neno, na majadiliano ya namna hiyo hayaonekani ndani ya programu. Hubaki kwenye vichwa vya watu, na watu husahau.

Na maneno yale tunayahitaji leo, kwa sababu kuna tatizo ambalo sikuliona mpaka tuliporekodi majaribio: msimbo unausomaje kwa sauti? Python hupanga kazi yake kwa nafasi tupu, nne kila hatua kwa mujibu wa PEP 8. Nafasi tupu hewani ni kimya. Nilijaribu kusoma mistari sita, mwenzangu akacheka mpaka chai ikamwagika. Kisha akachukua kitu kile kile kilichoandikwa kwa Nuru, lugha ya programu ya Kiswahili, ambamo sharti ni "kama" na "sivyo", kurudia ni "wakati", na jibu ni "rudisha". Akasoma. Nilielewa nikiwa nimefumba macho.

Kwa hiyo hewani tutausimulia msimbo wa Python kwa maneno ya aina hiyo, na mistari yenyewe tutaiweka kwenye maandishi ya kipindi. Mimi shuleni nilifundishwa tarakilishi, yeye alifundishwa kompyuta. Tumekubaliana kompyuta, maana hata mimi tarakilishi niliiacha kwenye chumba cha mtihani.

Ratiba mpya basi. Kipindi cha kwanza ni Dar es Salaam, 2004. Cha pili ni saiba na kamba za baharini. Guido anaingia cha tatu, na Accra na Zanzibar hazingoji mwisho. Kila kipindi ni dakika 20, sauti ya njia moja, kilobiti 32, ambayo ni chini kidogo ya megabaiti 5, kwa sababu bando bado linanunuliwa kwa pesa.

Kilichobaki ni kumpata mtu aliyekuwa kwenye meza ile ya tafsiri. Swali la kwanza limeshaandikwa: ni neno gani mlibishania siku nyingi kuliko yote, na nani alishindwa?